Filamu ya giza ya Mtwara: siri apewe nani, mwanga umwangukie nani

SWALI: "Nipo Chikongola, Mtwara mjini. Nimeandika skripti ya filamu ya uhalifu ya dakika 40, mtindo ule wa giza: usiku, mvua, askari aliyechoka, mwanamke mwenye siri. Inatokea Mtwara na Tandahimba msimu wa korosho. Nimejitahidi kuweka watu wa kila aina: mlinzi Mmakonde, mama Mmakua, mfanyabiashara wa Kihindi, kijana kutoka Msumbiji, mganga, na dada mwenye ualbino. Waliosoma wanasema watu wetu wapo lakini hawamo. Niongeze wahusika? Na usiku sura zetu hazionekani kwenye kamera. Nifanyeje?"

JIBU

Hapana, dada yetu, usiongeze mtu hata mmoja. Umetaja wahusika wanane, na filamu ya dakika 40 ni kama kurasa 40 za skripti, kwa hesabu iliyozoeleka ya ukurasa mmoja kwa dakika. Ukigawa sawasawa, kila mmoja ana kurasa tano. Lakini hakuna agawaye sawasawa: askari wako peke yake atachukua 20. Hao saba waliobaki watapita kama watu wanaovuka barabara mbele ya gari. Ukimleta wa tisa, umewapunguza waliopo.

Waliokwambia kwamba watu wetu wapo lakini hawamo wamegusa penyewe. Katika filamu ya giza, kuwamo maana yake ni kuwa na tamaa yako, siri yako, jambo unalolijua peke yako, na nafasi ya kuchagua vibaya. Wengi hudhani kuwatendea haki watu wa Kusini ni kuwafanya wote wawe wema. Hilo linaua filamu, tena ni dharau ya aina yake, kwa sababu hadithi hizi zinasimama juu ya msingi mmoja: kila mtu ana doa. Mhusika aliyenyimwa doa amenyimwa pia akili, hofu na uamuzi. Amebaki picha ukutani.

Jina la mtindo huu lilitoka Ufaransa. Mwaka 1946 mkosoaji Nino Frank aliziita filamu za uhalifu za Marekani zilizokuwa zinafika Paris baada ya vita "filamu nyeusi", na jina likabaki. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1970, watengenezaji waliurudia mtindo huo kwa rangi na kwa maswali mapya: nani anafaidika na uhalifu, na kwa nini sheria haimgusi? Hilo ndilo giza jipya, na ndilo unaloliandika wewe.

Katika giza la zamani, mtu mweusi, Mchina au Mmeksiko alikuwa kama bawaba ya mlango. Anafungua, anapokea koti, anapiga piano, anatoka. Hata alipopewa nafasi kubwa, mara nyingine hakupewa yeye mwenyewe: mpelelezi Mmeksiko wa filamu ya Touch of Evil, mwaka 1958, aliigizwa na Charlton Heston, Mmarekani mweupe aliyepakwa rangi ya kahawia.

Mfano wenye faida zaidi kwako ni Chinatown ya mwaka 1974, ambayo uhalifu wake umefichwa ndani ya biashara ya maji na ardhi ya Los Angeles. Mtunza bustani mwenye asili ya Asia analalamika mapema kabisa kwamba maji ya bwawa la tajiri ni mabaya kwa majani. Ulimi wake unaligeuza neno la Kiingereza "grass" (majani) likasikika "glass" (kioo), na mpelelezi anaichukulia kama lafudhi ya kuchekesha, anapita. Kumbe bwawa lina maji ya chumvi, na maji ya chumvi ndiyo ufunguo wa kifo cha huyo tajiri. Ushahidi ulikuwa mdomoni mwa mtu ambaye hakuna aliyemsikiliza. Somo la kwanza hilo. La pili ni la kusikitisha: filamu hiyohiyo inalitumia jina la mtaa wa Wachina kama jina la balaa, na Wachina wenyewe haiwapi karibu chochote zaidi ya kufagia na kufungua milango. Iliiona hila hiyo, na bado ikaangukia humohumo.

Linganisha na Devil in a Blue Dress, filamu ya Carl Franklin ya mwaka 1995 iliyotokana na riwaya ya Walter Mosley. Ni Los Angeles ya mwaka 1948. Easy Rawlins, mtu mweusi aliyetoka vitani, amepoteza kazi kiwandani na anadaiwa rejesho la mkopo wa nyumba. Mzungu anamkodi amtafute mwanamke kwa sababu Easy anaweza kuuliza maswali kwenye baa ambako Mzungu asingejibiwa. Weusi wake ndio uliompa kazi, ndio unaomfanya akamatwe na polisi, na ndio unaomwezesha kuona wasiyoyaona wengine. Ukimwondoa, hadithi inaanguka.

Sasa chukua karatasi, uipige mistari upate safu nne. Mbele ya kila jina andika: anataka nini usiku huu (kitu cha kushikika, au kiasi cha fedha, si "maisha bora"), anaficha nini, anajua nini ambacho wengine hawakijui, na ni uamuzi gani wake ambao asingeufanya, hadithi ingekwenda kwingine. Asiyejaza walau safu mbili bado ni samani. Ama umjazie, ama umwondoe, ama umwunganishe na mwingine. Nadhani ukimaliza utabaki na watu watano, na hao watano ndio watakaokaa vichwani mwa watazamaji.

Kipimo cha pili: badilisha kabila. Mama Mmakua akiwa Msukuma, kuna ukurasa utakaobadilika? Kama hakuna, Umakua wake ni kibandiko. Jibu lake si kumtafutia ngoma ya kucheza. Tafuta mahali ambapo maisha ya hapa yanagusa uhalifu wenyewe, na Kusini hakuna pazuri kama ukoo. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili wanahesabu ukoo kwa mama. Mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, na kwa mila mali ya mwanaume ilielekea kwa wapwa kabla ya kuelekea kwa watoto wake wa kuwazaa. Dini na sheria za nchi zinavuta upande mwingine. Weka katikati shamba la mikorosho, ambayo huzaa kwa miongo mingi, halafu mwenye shamba akutwe amekufa. Mjane, watoto na wapwa: kila upande una haki yake, na kila upande una sababu ya kuficha jambo. Mwandishi asiyelijua hili atampa mjane shamba moja kwa moja, na mtazamaji wa Newala atajua dakika ya kumi kwamba hadithi imeandikwa na mpita njia.

Tuje kwa mpelelezi. Askari aliyechoka ametumika sana, ingawa si kosa kumtumia. Ukimbakiza, mtu wa upelelezi huvaa kiraia, na hilo linakuokoa, maana sare za polisi zina masharti yake na hazishonwi kwa fundi wa mtaani kwa ajili ya kamera bila ruhusa. Mwandikie mambo ya kwetu: aliyejeruhiwa anaulizwa PF3, ile fomu ya polisi, anapofika hospitali, mwenyekiti wa mtaa anajua nani amelala wapi, na mgambo anafika eneo la tukio kabla ya gari la polisi. Lakini mimi ningempa kazi ya kutafuta ukweli karani wa mizani wa chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima kinachopokea korosho zao: mwanamke wa miaka thelathini na kitu.

Tazama mahali pake pa kazi kwa karibu. Saa kumi jioni, magunia yamepangwa hadi mlangoni. Vibarua wawili wanapandisha gunia la kilo 80 juu ya mizani. Karani anasoma, anatamka, anaandika, anachana stakabadhi, mkulima anaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Kati ya jicho la karani na kalamu yake kuna nafasi ya kilo mbili. Gari la magunia 300, kilo mbili kila gunia, ni kilo 600. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ambayo serikali ilitangaza Novemba 2018, hizo ni shilingi 1,980,000 kwa gari moja, na hakuna aliyevunja kufuli. Ghalani huko mbele kuna neno tayari la kufunika pengo: unyaufu, yaani uzito unaopotea korosho zikikauka. Unyaufu upo kweli, ndiyo maana unafaa kuwa uongo mzuri. Karani wako hana haja ya kufukuza gari usiku. Anahitaji kugundua kwamba unyaufu wa ghala moja ni mkubwa kila anapokuwa zamu mtu fulani, halafu atambue kwamba saini iliyopitisha hesabu hizo ni yake mwenyewe, aliyoiweka bila kusoma. Hapo ana doa, na filamu imewaka.

Angalia pia ni nani wengine wanaojua. Kibarua aliyebeba magunia tangu Oktoba anajua kwa bega lake kwamba hili si la kilo 80. Mama anayebangua korosho anajua zilizochanganywa za mwaka jana akizipasua tu. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, wabanguaji hujipaka majivu au mafuta ya kupikia, na bado vidole hubaki vyeusi kwenye kucha na kwenye mikunjo. Shoti moja ya vidole hivyo vikigeuza korosho kwenye mwanga wa taa, kwa sekunde nne bila maneno, inasema mengi kuhusu mwanamke wa Kusini kuliko hotuba ya kurasa tatu. Huyo ndiye mtunza bustani wako. Wewe mpe kile ambacho Chinatown haikumpa: wakati wa kuamua aseme au anyamaze, na bei ya kila uamuzi.

Na mtu wa kangomba, yule anayenunua korosho kijijini nje ya mfumo wa chama cha msingi na mnada, kwa bei ya kutupa, usimwandike kama fisi. Ndiye aliyetoa hela ya dawa mwezi wa saba, mnada ukiwa bado mbali. Anadhulumu na anaokoa kwa mkono uleule. Filamu ya giza inataka watu wa namna hiyo hasa.

Neno kidogo kuhusu mvua yako. Katika filamu za Marekani mvua ni huzuni na barabara zinazong'aa. Mtwara, mvua ya Novemba juu ya korosho zilizoanikwa ni hasara: zikilowa zinashuka daraja. Mtu akisikia tone la kwanza kwenye bati asimame dirishani na kuvuta sigara? Atoke mbio na turubai. Tukio hilohilo la usiku linapata mwendo, na linakuwa letu.

Mwanamke mwenye siri

Hapa ndipo pa hatari zaidi katika skripti yako, kwa hiyo nivumilie nikae.

Filamu za giza zina mwanamke anayemvuta mwanaume kwenye maangamizi kwa uzuri wake. Nchini kwetu, mwanamke wa Kusini amebebeshwa tayari mzigo wa maneno ya vijiweni: kwamba unyago umemfundisha kitanda na si kingine. Ukiviunganisha viwili hivi, umeirudia kauli ya kijiweni kwa kamera ya bei. Unyago una mafunzo mengi: usafi wa mwili na hedhi, heshima kwa wakubwa, kutunza nyumba, mwenendo, na ndiyo, maisha ya ndoa. Unaongozwa na makungwi na manyakanga wenye hadhi zao, na mengi yanayofundishwa humo ni ya wanawake wenyewe, hayatangazwi.

Tiba yake iko mahali pawili. Kwanza badili silaha yake. Siri ya mwanamke wako iwe leja, nakala ya stakabadhi, au mwandiko anaoutambua. Askari anaweza kudhani kwamba anavutwa na uzuri. Kumbe mwanamke anamchelewesha tu ili gari la magunia lipite Mnazi Mmoja, njia panda ya Lindi. Filamu ijue kwamba askari amekosea, hata kama askari mwenyewe hajui hadi mwisho. Pili, hesabu shoti. Pitia orodha yako ya shoti, uweke alama kila mahali mwanamke huyu anapotazamwa, na alama nyingine kila mahali sisi tunapoona kile anachokiona yeye. Skripti nyingi zinatoa kumi kwa sifuri. Kwa kila kumi za kutazamwa, mpe walau nne za kutazama: anamwona askari akificha mkono unaotetemeka, anaiona namba ya gari, anauona mlango wa nyuma. Mwenye macho ndiye mwenye hadithi.

Usipige picha za ndani ya unyago, wala usimwombe nyakanga "aigize kidogo". Mwali anaweza kupita njiani amefunikwa, nyimbo zikasikika kwa mbali. Hapo inatosha, na sauti ya mbali usiku ina nguvu zaidi. Hivyohivyo kinyago cha mapiko. Najua kinavutia kumvisha muuaji. Lakini mapiko yana uhusiano na jando na heshima ya waliotangulia, na kumvisha kinyago hicho mtu mwenye kisu ni kuwatukana waliokitunza. Muuaji wako afunike uso kwa kitambaa cha kujikinga na vumbi la salfa, kama wanavyofanya wapuliza dawa mashambani. Kinatisha zaidi, kwa sababu kipo kila kijiji.

Mganga simlaumu kuwepo. Sharti langu ni moja: asifumbue fumbo na asiwe sababu ya fumbo. Mwandike kama mtu wa kazi, mwenye wateja wakubwa, simu mbili, na woga wa kukamatwa. Anajua nani alikuja kuuliza nini wiki kabla ya kifo. Hilo ni la kutosha kumfanya atafutwe na pande zote mbili.

Mfanyabiashara wa Kihindi mpe jina kamili, mahali alipozaliwa (wengi wamezaliwa hapahapa), na Kiswahili cha mtu aliyekulia Mikindani. Korosho ghafi nyingi zinauzwa India na Vietnam, kwa hiyo biashara yake ina maana. Tabasamu la uovu halina.

Kijana wa Msumbiji anataka uangalifu. Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma. Kuna familia zilizovuka kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, nyingine wakati wa vita vya ukombozi kati ya 1964 na 1974, na wajukuu wao hawajui nyumbani kwingine. Jina "Mmawia" walilobandikwa linawaumiza wengi. Kama mhusika analitumia, tuone linavyompata anayeitwa. Tangu mapigano yaanze Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Oktoba 2017, njia rahisi kwa mwandishi ni kumfanya kila anayevuka mto awe gaidi. Usifanye hivyo. Mpe hofu ya mtu anayetazamwa hivyo: amebeba samaki wakavu, anashuka basi, na kila mtu kwenye kiti cha nyuma anausikiliza ulimi wake. Tayari ni tukio la filamu ya giza, na hakuna risasi iliyolia.

Dada mwenye ualbino

Hujasema kazi yake ni nini, na naogopa kwamba ndiye atakayeuawa. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa nchi hii, na kila filamu inayomtumia mtu huyo kama mwili tu au kama kitu cha uchawi inaendeleza kumwona hivyo. Mtoe kwenye nafasi hiyo. Neno katika skripti liwe "mtu mwenye ualbino". "Zeruzeru" alitamke tu mhusika unayetaka tumjue ukatili wake.

Halafu mwandikie mwili wake kwa usahihi. Ualbino unakuja na uoni hafifu wa mbali, macho yanayochezacheza yenyewe, na kuumizwa na mwanga mkali. Kwa hiyo mchana ndio adui yake: kofia pana, mikono mirefu, kivuli cha ukuta. Usiku ana nafuu ya jua, lakini taa kali ya gari ikimpiga usoni hana anachokiona kwa muda. Hawezi kuwa shahidi aliyesoma namba ya gari kutoka mita 30. Anaweza kuwa shahidi aliyeitambua sauti ya injini, harufu ya salfa nguoni, na mwendo wa mtu mwenye mguu mbovu. Ukiandika hivyo, wakili au askari atadharau ushahidi wake kwa sababu "haoni", na mtazamaji atajua kwamba ni yeye peke yake aliyetambua. Mwigizaji awe mtu mwenye ualbino kweli. Mwite afanye kazi jioni, umwandalie kivuli na maji, na usimwelekezee taa moja kwa moja. Nitarudi kwenye taa.

Lugha: usimwandikie Mmakonde makosa ya matamshi ili watu wacheke. "Njomba" ni neno la heshima ya ukoo kabla ya kuwa mzaha wa Dar es Salaam, na mlinzi wako anaweza kulitumia kumtuliza mtu mwenye panga. Mlinzi mwenyewe, ambaye ndiye Mmakonde aliyezoeleka kwenye maigizo, hukaa macho usiku kucha mbele ya ghala. Filamu ngapi zimemfanya asinzie? Wako awe ameona. Mazungumzo ya ndani ya familia yaandike kwa Kiswahili, umpe msemaji wa Kimakonde, wa kijiji unachokitaja, ayatie katika lugha yake, kwa maana Kimakonde cha Newala hakifanani moja kwa moja na cha ng'ambo ya Ruvuma. Mlipe kama mwandishi mwenzako, na jina lake liwekwe. Weka tafsiri chini ya picha, mstari mmoja, maneno yasiyozidi manane. Acha sentensi mbili tatu bila tafsiri pale ambapo askari naye haelewi. Mtazamaji wa Tandahimba atajua kabla ya askari. Mpe furaha hiyo.

Sura zetu kwenye giza

Sasa kamera. Tatizo haliko kwenye ngozi. Teknolojia ya picha ya rangi ilipimwa kwa miongo kadhaa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na mazoea ya taa yakafuata. Mpiga picha anayeona uso mweusi umepotea huongeza uwezo wa kamera kunasa mwanga, picha inajaa chenga, ukuta unang'aa na uso unabaki palepale. Kinachotakiwa ni uso mweusi upewe kitu cha kuakisi.

Chukua shuka nyeupe ya kitanda, itandaze wima mita moja na nusu kutoka kwa mwigizaji, ubavuni na mbele kidogo. Elekeza taa mbili za LED za wati 50 kwenye shuka, si kwake. Shuka itajiakisi kwenye shavu, paji na ukingo wa pua kama dirisha kubwa. Paka mafuta ya nazi kidogo sana, tone moja kwa vidole viwili, juu ya mashavu na paji. Usitumie poda, inaua mng'ao na kuleta ujivu. Nyuma yake weka taa ndogo ya rangi ya joto ichore ukingo wa kichwa na bega, la sivyo nywele zitazama kwenye usiku. Kama kamera yako ina michirizi ya kupimia mwanga, sehemu ing'aayo ya uso mweusi iache kati ya asilimia 40 na 50. Ukiipandisha hadi 70, kipimo cha ngozi nyeupe, umempa rangi isiyo yake. Kwa simu, bonyeza usoni hadi kipimo kijifunge, kisha shusha mwanga kidogo.

Taa za buluu zinazopendwa na mtindo huu ziweke ukutani. Ngozi ya kahawia iliyokolea huakisi zaidi nyekundu na njano kuliko buluu, kwa hiyo uso ulioachiwa buluu peke yake unageuka kijivu. Umeme wetu ni wa hezi 50: piga fremu 25 kwa sekunde, kasi ya shata 1/50, vinginevyo taa za dukani zitapepesa kwenye picha.

Karani mweusi na dada mwenye ualbino wakikaa fremu moja ndipo wengi wanaposhindwa: mmoja anaungua, mwingine anatoweka. Tumia umbali. Taa ndogo ikiwa mita 1 kutoka usoni, ukiisogeza hadi mita 2 mwanga wake hubaki robo. Mkalishe karani karibu na shuka na dada nyuma zaidi, akipata mabaki. Mvishe dada nguo ya rangi iliyokolea, kanga nyekundu au zambarau, asikae mbele ya ukuta mweupe. Karani avae rangi ya mchanga au kijani kilichofifia, ukuta wa nyuma yake uwe wa rangi isiyokolea kama uso wake. Macho ya dada yatatulia kwa sababu hakuna balbu anayoiona, na hatalazimika kukunja uso muda wote.

Kama mvua haijaja, lowesha njia. Chagua lami au saruji, kwa maana mchanga wa mitaani unakunywa yote. Ndoo tano za lita 20 zinatosha kipande cha mita sita mbele ya kamera, na ardhi iliyolowa itarudisha mwanga usoni kutoka chini.

Kabla ya siku ya kwanza, wakati maombi ya kibali yako Bodi ya Filamu, soma skripti kwa sauti mbele ya watu wanane wasio ndugu zako: karani wa chama cha msingi, mbanguaji, mlinzi wa usiku, nyakanga, mtu mwenye ualbino, mtu aliyekulia ng'ambo ya Ruvuma, mfanyabiashara, na kijana wa miaka 18. Walipe nauli na chakula. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize ni wapi walijua kabla ya askari, na ni wapi waliacha kuamini. Kisha piga jaribio la dakika mbili la ile shoti ya vidole, litazame kwenye simu ya kawaida, mwanga wa kioo ukiwa nusu, mchana ndani ya daladala. Watazamaji wako wengi watakuwa hapo. Vidole visipoonekana, sogeza shuka nusu mita karibu, upige tena.